Igeuze kwanza: namna ya kuchagua njia ya kuchipu PS2

Meza yangu ya ufundi iko Kirumba, Mwanza, mwendo mfupi kutoka Mwaloni, na kazi yangu inafuata mwezi kama kazi ya wavuvi. Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikua, taa hazina nguvu tena juu ya maji, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na vijana wa kambini wanabaki na usiku mrefu usio na kazi. Hapo ndipo vibanda vya gemu visiwani vinapojaa. Kwa hiyo siku chache kabla ya mbalamwezi wenye vibanda wanashuka na meli ya Nansio, PS2 zao, zile mashine za gemu za PlayStation 2, zikiwa ndani ya viroba, na karibu wote wana ombi moja: "Fundi, naomba unichipie."

Mmoja wao alitoka Ukara. Alivuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, akaunga gari hadi Nansio, akalala, asubuhi akapanda meli ya Mwanza. Alipofika mezani kwangu akafungua kiroba taratibu kama anayetoa mayai.

"Shikamoo mzee. Naomba unichipie hii."

"Marahaba, mwanangu. Itachezewa wapi?"

"Kwenye TV, mzee."

"TV naijua. Nyumbani au kibandani? Na umeme wenu ni wa nguzo au wa sola?"

Alinitazama kama nimemuuliza habari za ukoo. Lakini maswali hayo mawili, pamoja na lebo iliyobandikwa kwenye mashine, ndiyo yanayoamua kila kitu. Mtu akija na jibu la njia kabla ya kujua mashine, mara nyingi analipa mara mbili. Nimeyaona hayo mara nyingi mno, na kila mara naumia, maana pesa ile ni ya mtu aliyekesha majini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Huku kwetu "kuchipu" limebeba mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni mlango: utaishawishi vipi PS2 iendeshe kitu ambacho haikukitarajia. La pili ni ghala: gemu zenyewe zitakaa wapi, kwenye diski ya kuchoma, kwenye flashi, kwenye hadi diski (hard disk), au kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Mlango mmoja unaweza kuhudumia maghala kadhaa. Wengi wanachagua mlango wakidhani wamechagua ghala, halafu wanashangaa kwa nini gemu inakwama wakati "imechipiwa". Chagua yote mawili, na uyachague kwa mpangilio huo.

Mashine yenyewe inastahili taabu hii. Ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na habari ya kusimamisha utengenezaji wake ikatangazwa mwanzoni mwa 2013, baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndiyo maana hadi leo unapata padi, adapta na lenzi zake mitaani. Haihitaji intaneti, haiombi bando, na umeme inaokula ni mdogo. Kwa kibanda cha kisiwani sijaona mshindani wake.

Sasa igeuze

Usiwashe. Igeuze chali uweke kitambaa chini, kisha tafuta, tumboni au mgongoni, namba inayoanza na SCPH. Zile nene, kubwa kama boksi la viatu, zinaanzia 10000 na kupanda, 30000, 39000, hadi 50000. Slimu, yaani zile nyembamba, zinaanzia 70000, zikafuata 75000, 77000, 79000, na za mwisho ni 90000. Hizo ni familia tu; kwenye lebo, tarakimu ya mwisho inakuambia mashine ilitengenezewa soko gani: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. SCPH-77004, kwa mfano, ni slimu ya Ulaya.

Hiyo sifuri ya Japani usiipite haraka. PS2 nene ya Japani imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, na wetu ni 230. Mama mmoja wa Igoma alimnunulia mwanawe SCPH-50000 safi kabisa ya mtumba, haina hata mkwaruzo. Waliichomeka ukutani siku hiyohiyo. Alipoileta kwangu nilikuta fyuzi imekatika na kapasita kubwa imevimba na kupasuka kichwani. Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni hataki kuingia ndani kusikia jibu. Mashine ile ilihitaji transfoma ya kushusha umeme, kitu ambacho aliyewauzia angekisema kwa sentensi moja. Kama lebo yako inasomeka 100V, nunua transfoma kabla ya kufikiria chipu.

Slimu nyingi zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, nayo imeandikwa. Usikubali mtu akate waya wa adapta ya king'amuzi ya volti 12 akuungie. Itawaka, ndiyo, na utafurahi kwa muda mfupi. Slimu za 90000 peke yake ndizo zenye pawa sapulai ndani, zinachomekwa moja kwa moja ukutani.

Jambo la mwisho kwenye lebo linawahusu wenye 90000 tu. Tafuta alama fupi ya tarehe, tarakimu moja na herufi moja, kama 8B au 8D. Tarakimu ni mwaka, herufi ni robo ya mwaka: 8D ni robo ya mwisho ya 2008. Andika alama hiyo kwenye karatasi, tutaihitaji muda si mrefu.

Mlango

Njia ya zamani ni chipu yenyewe, kile kipande kidogo cha kielektroniki kinacholehemiwa kwenye ubao wa mashine. Nimelehemu nyingi. Waya ni nyembamba kama unywele, zinazidi kumi, na kila moja ina nukta yake kwenye ubao, nukta ndogo kuliko punje ya mtama. Pasi ikizidi moto, au mkono ukitetemeka, unang'oa njia ya shaba na mashine haisamehe. Faida ya chipu ni kwamba haihitaji memori kadi wala kitu kingine chochote: unaweka diski ya kuchoma, inacheza. Hasara ni kwamba ghala lako linabaki diski, yaani lenzi, jicho linalosoma diski, na lenzi ndiyo kiungo cha kwanza kuchoka kwenye PS2. Diski za kuchoma, hasa za bei ya chini, zinaichosha zaidi.

Sina budi kusimulia hili. Miaka ya nyuma nilimchipia kijana mmoja slimu ya 77000. Wakati wa kufungua kifuniko nilivuta haraka nikachana utepe mwembamba wa kitufe cha kuwashia, ule uliolala pembeni mbele. Nikaunga utepe, nikaweka chipu, ikacheza. Baada ya miezi michache akarudi: lenzi haisomi tena. Nilibadilisha lenzi kwa gharama yangu kwa sababu niliona kosa ni langu tangu mwanzo. Nilimpa njia inayoegemea kiungo dhaifu kuliko vyote, wakati njia nyingine ilikuwepo. Tangu siku hiyo silehemu chipu kwenye mashine ambayo inaweza kufunguliwa kwa kadi. Lakini ukinunua PS2 ambayo tayari ina chipu na inafanya kazi, usiruhusu mtu aitoe. Iache hapo, ongeza kadi juu yake.

Njia ninayoipendekeza kwa mashine nyingi ni memori kadi yenye Free McBoot. Ni programu inayokaa kwenye memori kadi ya kawaida ya megabaiti 8. Ukiwasha mashine nayo ikiwa ndani, menyu yake inatokea yenyewe na kutoka hapo unaingia kwenye programu nyingine. Hakuna kufungua skrubu hata moja. Ukichoka nayo, unachomoa kadi na PS2 inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Inafanya kazi kwenye karibu zote, nene na slimu, isipokuwa zile 90000 za mwisho. Hapa ndipo ile alama ya tarehe inapofanya kazi: 8B na kurudi nyuma, kadi itafunguka; 8D na kuendelea mbele, haitafunguka; 8C inaweza kwenda upande wowote, kwa hiyo ijaribu na kadi ya mtu kabla hujanunua yako.

Kadi yenyewe ichague vizuri. Kadi halisi za megabaiti 8 zina mfumo wa usalama uitwao MagicGate, na Free McBoot inaegemea mfumo huo. Kadi nyingi za bei nafuu za ukubwa huohuo zinakubali, ila zile zinazojitangaza kuwa na megabaiti 64 au 128 mara nyingi hazina MagicGate na usakinishaji unagoma. Huwezi pia kunakili Free McBoot kutoka kadi moja kwenda nyingine kama unavyonakili sevu ya gemu, kwa sababu inafungwa kwa kadi ile iliyowekewa. Kila kadi lazima isakinishiwe upya.

Namna ninavyofanya ni hii. Kadi yangu iliyo tayari inakaa sloti ya kwanza, ya mteja inakaa sloti ya pili, na flashi yenye folda ya kisakinishi inachomekwa mbele. Nawasha, naingia kwenye uLaunchELF ambayo ni kidhibiti faili, nafungua flashi, naendesha kisakinishi, nachagua kadi ya sloti ya pili. Kabla ya hapo nanakili sevu zote za mteja kwenye flashi, maana ligi aliyoichezea miezi minne ni mali yake. Na siku zote mashine inakuwa kwenye betri na inveta, si kwenye umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, mafaili yake yanavurugika, na wakati mwingine haifai tena. Inachukua dakika chache tu, lakini katika dakika hizo mkono wangu haugusi kitu.

Ikiisha, napaka tone la rangi ya kucha kwenye kona ya kadi. Kadi hiyo iweke sloti ya pili, sevu ziweke kwenye kadi nyingine sloti ya kwanza. Watoto wakikosa nafasi ya kusevu hufuta chochote wasichokitambua, na Free McBoot ni kitu wasichokitambua.

Kama huna mtu wa karibu mwenye kadi iliyo tayari, kuna njia iliyotoka 2020 iitwayo FreeDVDBoot. Unachoma faili lake kwenye DVD-R, kwa kasi ndogo, na uhakikishe diski imefungwa mwisho wa kuchoma. Ukiiweka kwenye slimu, mashine inadhani ni DVD ya filamu, na katika kuisoma inafungua mlango wa programu zetu. Kwenye slimu kuna faili moja linalozihudumia zote, mradi lugha ya mashine iwe Kiingereza kwenye mipangilio. Kwenye nene lazima ulinganishe na toleo la DVD pleya iliyomo ndani, na hapo kazi inaongezeka. Mimi siitumii kama mlango wa kila siku, kwa sababu inarudisha mzigo kwa lenzi. Naitumia mara moja tu, kusakinisha kadi, kisha diski naihifadhi kwenye kasha lake.

Na zile 90000 za mwisho? Kwao kuna OpenTuna. Nayo inakaa kwenye memori kadi, lakini haijiwashi yenyewe. Ukishawasha mashine unaingia sehemu ya Browser, unafungua memori kadi, na programu inaanza hapo. Ni hatua mbili za ziada kila unapowasha. Kwa nyumbani hakuna shida. Kwa kibanda mfundishe anayesimamia, asije akadhani mashine imekufa.

Ghala

Ukishafungua mlango, programu inayobeba gemu ni Open PS2 Loader, tunaiita OPL kwa kifupi. Inaweza kuchukua gemu kutoka flashi, hadi diski ya ndani au kompyuta. Gemu ninazoweka ni zile ambazo mwenye mashine ameniletea diski zake. Nazisoma kwenye kompyuta, nazigeuza faili, na diski zenyewe zinapumzika. Zile zenye tumbo la bluu ni CD, za fedha ni DVD, na kwenye flashi kila aina inakaa kwenye folda yake, CD na DVD, kwa herufi kubwa.

Flashi ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Sababu yake ni moja. Tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha kwanza, megabiti 12 kwa sekunde, yaani kiuhalisia karibu megabaiti moja kwa sekunde. Diski ya DVD kwenye lenzi nzima inatoa takriban tano. Kwa hiyo hata ununue flashi ya bei ya juu yenye rangi ya dhahabu, kasi ni ileile, maana kikwazo ni tundu. Gemu za mpira zinavumilia: mechi inakwenda vizuri, vipande vya filamu kabla ya mechi ndivyo vinavyokatakata. Gemu za kuzunguka mji na gari, ambazo zinapakia barabara mpya kila sekunde, zinakwama kiasi cha kukera.

Wengine wanakwama si kwa kasi bali kwa namna walivyoijaza flashi. OPL inataka kila gemu iwe imelala mfululizo, bila kukatwa vipande. Ukifuta gemu moja na kuongeza nyingine, kompyuta inajaza mapengo vipande vipande, na OPL inagoma kuifungua. Dawa yake: hamisha zote kwenye kompyuta, fomati flashi upya, kisha rudisha gemu moja baada ya nyingine, usirundike zote kwa mpigo. Fomati ya FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo DVD kubwa lazima zikatwe kwa programu kama USBUtil. Matoleo mapya ya OPL yanapokea exFAT, na hapo huna haja ya kukata. Jedwali la vigawanyo, yaani ramani ya namna flashi ilivyogawanywa, liwe la aina ya MBR. Nimewahi kukaa na flashi ya mteja jioni nzima, kila kitu sahihi, gemu hazionekani, kumbe jedwali lake lilikuwa aina nyingine, GPT.

Kama una ile nene ya 30000 hadi 50000, ghala bora kuliko yote liko mgongoni mwake. Pale nyuma kuna nafasi ya kuingiza hadi diski, kupitia adapta ya mtandao. Adapta halisi zinatumia hadi diski za zamani za waya mpana, ila zipo bodi za kubadilisha ili upokee diski za SATA za laptopu. Gemu zinafunguka haraka kuliko kwenye diski yake ya asili, lenzi inapumzika kabisa, na diski moja inabeba zaidi ya utakavyocheza mwaka mzima. Mteja mwenye nene nzima ya Ulaya anaponiuliza kama aiuze anunue slimu, namwomba asiiuze. Tahadhari yangu ni usafiri. Hadi diski inayozunguka haipendi kurushwa na mawimbi, kwa hiyo ukiwa unavuka itoe, ifunge kwenye nguo, ibebe mkononi. Wenye uwezo nawashauri waweke SSD, diski isiyozunguka.

Slimu haina nafasi hiyo, ila ina tundu la waya wa mtandao nyuma. Hapa kuna njia inayowafaa wenye vibanda vya mjini, na naona haitumiki inavyostahili. Jamaa mmoja wa Mabatini ana slimu nne. Alikuwa na flashi nne, na kila wiki moja inapotea au inaibiwa. Tuliweka kompyuta moja ya mezani chini ya kaunta, swichi ndogo ya mtandao, na waya nne. Gemu zote zinakaa kwenye kompyuta hiyo, na kila PS2 inazichukua kupitia OPL. Mtandao huo ni wa megabiti 100, kwa hiyo hata kila mashine ikichukua fungu lake, bado inazidi flashi. Akiongeza gemu anaiweka mara moja, mashine zote nne zinaiona. Ugumu ni kwamba OPL inatumia namna ya zamani ya kushirikisha mafaili, SMB1, ambayo Windows mpya zimeifunga kwa usalama. Unaifungua kwa mkono kwenye mipangilio, na kwa kuwa umeifungua, kompyuta hiyo usiiunganishe na intaneti. Iwe ya gemu tu. Na kompyuta ikizimika, mashine zote nne zinasimama kwa pamoja. Kama mtaa wako umeme unakatika kila mara, weka betri ya kuishikilia, au baki na flashi.

Kuna pia adapta ya kadi ya SD inayoingia kwenye sloti ya pili ya memori kadi, MX4SIO. Ina kasi kuliko USB. Kwa mwenye slimu ya nyumbani asiyetaka waya, ni nzuri. Kumbuka tu kuhamishia kadi ya Free McBoot kwenye sloti ya kwanza.

Wadudu, vumbi na lenzi

Hata ukichagua njia isiyotumia lenzi, mashine inahitaji pumzi. Huku ufukweni kuna wale vijidudu vya ziwani vinavyopanda angani kama moshi kisha vinashukia nchi kavu kwenye kila taa. Kibanda chenye balbu mlangoni kinawaalika, na feni ya PS2 inawavuta ndani. Nimefungua mashine za visiwani nikakuta tabaka laini la kijivu kwenye mapezi ya kupozea, zito kama blanketi, na feni inazunguka bila kupitisha hewa. Balbu iweke mbali na mashine. Funika tundu za hewa kwa neti laini ya chandarua, tabaka moja tu. Kila baada ya miezi mitatu fungua upige brashi. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji.

Kijana wa Ukara

Lebo yake ilisema SCPH-77004. Kibanda cha mashine moja, sola, wachezaji wa mpira tupu. Basi mlango ulikuwa kadi ya Free McBoot, ghala likawa flashi ya gigabaiti 32 yenye gemu tano tu alizoleta, zikiwa zimepangwa mfululizo. Nilimtengenezea kadi mbili zenye mlango, nikamwambia zikae mifuko tofauti, maana kule hakuna wa kumtengenezea nyingine. Alitaka jezi za Pamba, timu ya Mwanza, kwenye PES 2014 yake, gemu ya mpira, kwa kuwa wateja wake walikuwa wameliulizia hilo tangu timu iliporudi Ligi Kuu. Jezi zinahaririwa ndani ya gemu na kuhifadhiwa kwenye memori kadi, haihitaji hila yoyote. Alikaa kwenye kiti changu akazipaka rangi mwenyewe hadi jioni, akacheza mechi mbili kamili kuhakikisha hakuna kinachokwama. Chini ya mashine nilibandika karatasi: kadi sloti 2, flashi FAT32 MBR, tarehe, ili fundi mwingine yeyote asianze kubahatisha.

Mbalamwezi iliyofuata akarudi na mashine ya pili, slimu nyingine, aliyoinunua kutokana na mapato ya ile ya kwanza. "Mzee, hii nayo iwekee kadi kama ile." Nikaigeuza mbele yake, nikaweka kidole kwenye lebo. SCPH-90004, 8D. Nikamweleza kwa nini kadi ile haitafunguka hapa, nikamwekea OpenTuna, nikamfundisha zile hatua mbili za kuingia Browser mpaka akazifanya macho yamefumba.

Ya tatu hakuileta mezani. Alinipigia simu akiwa dukani Nansio, mashine ikiwa imelala chali mikononi mwake, akaanza kunisomea lebo tarakimu moja moja kabla hajalipa.